Je, wajua kwa nini kugawa nauli kwa kilomita hukudanganya?

Ukipewa nukta mbili, (2, 70) na (5, 130), ukaambiwa utafute mlinganyo wa mstari ulionyooka unaozipitia, utaanzia wapi? Mimi nilikuwa nagawa. 70 kwa 2 ni 35, basi y = 35x, nafunga daftari. Jirani yangu wa dawati aliigawa nukta ya pili, 130 kwa 5, akapata 26. Tulibishana hadi kengele ikalia, kila mmoja ana hakika na jibu lake, kumbe wote tumekosa.

Kosa hili halibaki darasani. Zifanye nambari hizo kuwa nauli ya boda kutoka Kondele, Kisumu: kilomita 2 kwa shilingi 70, kilomita 5 kwa 130. (Ni mfano tu, bei yenyewe hufuata mvua, saa na sura ya abiria.) Anayegawa atalalamika kwamba wa karibu anatozwa 35 kwa kilomita na wa mbali 26. Hakuna aliyeonewa. Ndani ya kila nauli mna pesa ya kupanda tu, kabla gurudumu halijazunguka, na kugawa kunaitawanya pesa hiyo juu ya kilomita zisizohusika nayo.

Dawa ni kutoa kwanza. Mfikirie mchuuzi wa samaki pale Dunga anayepima ngege ndani ya beseni. Beseni na samaki 3 ni kilo 4. Beseni na samaki 7 ni kilo 8. Ukigawa 4 kwa 3, umempa kila samaki kipande cha beseni. Lakini beseni limo katika vipimo vyote viwili, kwa hiyo ukitoa kimoja katika kingine linajifuta: kilo 4 zilizoongezeka ni za samaki 4, kilo moja kila mmoja. Beseni nalo, sasa unalijua, ni kilo 1. (Tumewafanya samaki wote kuwa na uzito sawa, jambo litakalomchekesha mchuuzi yeyote.)

Kwenye boda ni vivyo hivyo. Shilingi 60 zimeongezeka kwa kilomita 3, yaani 20 kwa kilomita. Huo ndio mteremko wa mstari, jina linalotumika hata mstari unapopanda. Kilomita 2 ni shilingi 40. Mbona ulilipa 70? Zile 30 ndizo beseni. Mlinganyo, x ikiwa kilomita na y nauli: y = 20x + 30. Ujaribu kwa nukta ya pili: 20 mara 5, ongeza 30, ni 130.

Wengi pia huhofia kwamba wakianza na nukta isiyofaa mteremko utageuka hasi. Haugeuki, mradi mpangilio wa kutoa uwe mmoja juu (kwenye y) na chini (kwenye x): −60 kwa −3 bado ni 20.

Kugawa nukta moja ni halali pale tu mstari unapopita kwenye sufuri, kama sukari ya kupima dukani. Na nukta mbili zikiwa na x ile ile, hakuna mteremko wa kutafuta, maana utakuwa unagawa kwa sufuri; mstari umesimama wima, nawe unaandika, kwa mfano, x = 2, basi.

Kwamba nukta mbili huamua mstari mmoja, Wagiriki wa kale walilijua. Kuufunga mstari ndani ya aljebra kulisubiri karne ya 17, enzi za wanahisabati Wafaransa Descartes na Fermat. Ile m, yaani mteremko, ya y = mx + c (c ndiyo beseni) wengine huihusisha na neno la Kifaransa la kupanda, monter, ila ushahidi wake ni mwembamba.

Jihadhari na jambo moja. Nukta mbili zitakupa mstari hata pale ambapo hapana mstari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban 1,130. Ukizitumia hizo peke yake, mlinganyo utakuambia barabara inateremka njia nzima. Lori lenye shehena linalokwea Sachangwan kwa gia ndogo, likielekea Mau Summit iliyo juu ya mita 2,400, lina maoni tofauti.