Msiniambie tena tuondoke alfajiri

Hii ni mara ya nne msimu huu hapa Lamu. Mgeni amepanda jahazi, ameweka begi, hajavua hata viatu, ananiambia: "Nahodha, kesho tuondoke saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijawa kali. Twende Siyu kisiwani Pate, tuzunguke, tukirudi tupitie kijiji cha Matondoni."

Nikamuuliza, "Leo mwezi ngapi?"

"Wa pili, Nahodha. Februari."

Mimi nilikuwa nauliza mwezi wa angani: ilikuwa mwezi kumi na sita tangu kuandama.

Simlaumu kwa kutaka kutoroka joto la chomboni. Watu husikia neno bahari wakadhani wameahidiwa upepo. Kaskazi, upepo wa msimu huu, upo, sikatai, lakini jahazi lililotia nanga kwenye mlango wa bahari kati ya Shela na kisiwa cha Manda haliutii upepo peke yake. Linautii mkondo kwanza. Maji yakitoka kwa nguvu, omo, yaani mbele ya chombo, inageukia yanakotoka maji, upepo unakuja ubavuni, na chandalua ulichofunga vizuri jioni kinageuka kifuniko cha sufuria. Unaamka, unakifunga upya. Maji yakigeuka, chombo kinageuka nayo, unaanza tena. Mbao nazo zimekunywa jua mchana kutwa, usiku zinalitema. Ikifika Machi, kaskazi inachoka, malelezi, majira ya upepo mdogo, yako njiani, hata huo upepo wa ubavuni huupati. Basi alfajiri mtu yuko macho kwa jasho, umande, ule upepo wa alfajiri, unaanza kuvuma kutoka bara, mwili unapoa kidogo, akili inamwambia huu ndio wakati wa safari.

Ndiyo wakati mzuri wa kunywa chai. Kuhusu safari, tuongee.

Pwani yetu, bamvua, yaani maji makubwa, la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa 4, asubuhi na usiku. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, ni kinyume chake: saa 4 yamejaa, saa 10 yametoka. Kati ya hapo kila siku yanachelewa. Shuleni tuliambiwa dakika 50. Hiyo ni wastani tu. Karibu na bamvua yanachelewa kidogo kuliko hivyo, karibu na maji mafu yanaweza kuchelewa zaidi ya saa nzima, na aliyejumlisha hamsini hamsini tangu mwezi kuandama atakuwa amepotea kabla wiki haijaisha.

Sasa mchukue mgeni wangu na mwezi wake kumi na sita. Saa 11 alfajiri, wakati anapotaka kung'oa nanga, maji yamefika juu au yameanza kutoka. Kwenda Siyu kutoka hapa tunapita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, ambao kabla haujachimbwa chombo kizito hakikupita maji yakiwa madogo. Ukivuka Mkanda bado una mlango wa pili: hori la Siyu lenyewe, mkono mwembamba wa bahari unaopinda ndani ya mikoko mpaka mbele ya ngome. Milango miwili, na huo wa pili haufunguki bila maji. Lazima uingie Mkanda maji yakiwa bado yanapanda, ili ufike Siyu yakiwa yamejaa. Ukiondoka yakiwa juu, unayafukuzia. Yanatoka haraka kuliko wewe.

Najua kwa sababu nimefanya. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana nisiyependa kumkatalia mteja, nilikubali alfajiri. Familia nzima, na bibi yao. Tukakwama horini saa 1:30 asubuhi. Upondo, mti wa kusukumia chombo, ukazama topeni mpaka mkono. Maji yakaendelea kututoka, jahazi likalala ubavu, vyungu vikahamia upande mmoja. Ndani ya mikoko upepo haufiki kabisa. Kule juu majani yanacheza, chini mnapikwa. Tulielea tena karibu saa 7 mchana, yaani saa zote kali za jua tulizikaa pale pale, sisi tuliotoka mapema ili kulikwepa jua. Bibi alinitazama akaniambia, "Mwanangu, kumbe ulituamsha kuja kuonyeshwa matope."

Hapo nilikuwa na bahati, maana bamvua lilikuwa bado halijafika kileleni. Jambo hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu hata mabaharia wenye simu nzuri hulisahau. Wote wanapenda bamvua kwa kuwa linajaza hori mpaka mizizini. Kweli linajaza. Lakini ukipanda topeni siku maji yalipofika kilele, maji ya kesho ni madogo kuliko ya leo, ya kesho kutwa madogo zaidi. Hayakufikii tena mpaka bamvua lijalo, na hiyo ni kama wiki mbili. Ukikwama wakati wa maji mafu, mshukuru Mungu, kila siku inakuja na maji makubwa kidogo. Kwa hiyo mimi hori hupenda kuliingia siku mbili tatu kabla ya kilele. Nikiingia baada yake, silali humo.

Na simu. Jedwali la maji lililomo simuni mara nyingi ni la Kilindini, bandari ya Mombasa. Ni jedwali zuri, kwa Kilindini. Maji hayafiki kichwani mwa hori dakika ile yanapofika baharini. Niliyemrithi usukani alinifundisha kuongeza nusu saa. Mimi kuna siku nimeona robo, kuna siku karibu saa, na kaskazi ikivuma siku tatu mfululizo mambo yanabadilika tena. Sina kanuni ya kukupa. Natazama mzizi wa mkoko, palipolowa na palipokauka, ndipo nasema.

Vitabu vya historia vinaeleza jinsi majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yalivyoshindwa Siyu miaka ya 1840, na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, anapewa sifa zake. Anastahili. Ila kila nikisukuma upondo mle nafikiri matope nayo yanastahili sifa.

Kama alfajiri unaitaka kweli kweli, ipo. Siku nne au tano baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji hujaa kiasi cha saa 1:30 au saa 2 asubuhi. Siku hizo twende magofu ya Takwa, kisiwani Manda, mapema: hori lina maji, kuta na ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla bado vina kivuli kirefu. Lakini muda wa kukaa ni mfupi, maji yakianza kutoka nakuita, na nikikuita usiniambie "picha moja tu, Nahodha".

Matondoni haina masharti hayo. Ukikosa maji, kuna njia ya miguu au punda kutoka Lamu mjini, mwendo wa saa mbili hivi. Pale tatizo ni saa za watu. Mafundi wa vyombo wanatia kalafati, yaani wanaziba nafasi za mbao, asubuhi. Adhuhuri wanaswali, wanakula, wanalala. Mgeni akifika saa 7 anakuta jahazi lisilo na mtu na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka chombo, kisha anakwenda kuandika kwamba ufundi umekufa. Haujafa, umelala. Rudi baada ya alasiri. Kipungani hivyo hivyo, wasusi wa mikeka wako barazani jioni. Na mwaka huu Ramadhani imeangukia ndani ya kaskazi, kwa hiyo usishuke gatini na chupa ya maji mdomoni.

Halafu hilo jua mnaloliogopa, mjini halipo kama mnavyodhani. Vichochoro vyembamba, kuta nene za mawe na chokaa, daka la kukalia mlangoni: saa 9 alasiri ndani ya Siyu kuna ubaridi ambao chomboni hukuupata hata usiku wa manane. Tunaposafiri mchana, jua kali tunalipata njiani tu, na njiani tunatembea, kwa hiyo upepo tunao.

Nilipomaliza kuandika hapo juu simu imelia. Mgeni mwingine, anakuja wiki ijayo, anataka Takwa, anauliza kama saa 11 alfajiri nitakuwa tayari. Siku hiyo ni mwezi kumi na tatu, maji yanapanda kuelekea bamvua, yatajaa kiasi cha saa 8:30 mchana. Nimemjibu tutaondoka saa 6:30 mchana, aje na kofia. Ameuliza kama nimekosea kuandika.