Je, wajua kwa nini hita ya jakuzi haidumu Malindi?

Sukari huyeyuka upesi zaidi kwenye chai ya moto kuliko kwenye maji ya mtungi. Chokaa iliyomo katika maji ya kisima ina tabia ya kinyume: maji yakipata moto, hujitenga na kuganda. Na ndani ya jakuzi, lile beseni kubwa la kuogea lenye maji ya moto, hakuna mahali penye moto kuliko ngozi ya koili ya hita, yaani kile kipande kinachopasha maji. Gamba lile jeupe, gumu kama simenti, huanzia papo hapo.

Malindi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao karibu wote ni chokaa. Mvua inapopenya ardhini huchukua hewa ya kaboni kutoka kwenye udongo, inakuwa na asidi kidogo, inaumumunya mwamba na kuteremka nao hadi kisimani. Maji ya bomba ya mji hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, lakini nyumba nyingi za wageni zina kisima chao karibu na bahari. Kisima cha namna hiyo kikivutwa sana kwa pampu, maji ya chumvi hunyemelea kutoka chini. Kwa hiyo hita inashambuliwa na maadui wawili: chokaa inayoivika koti, na chumvi inayoitoboa.

Ukiipasua koili utakuta waya mwembamba wa nikromu katikati, umezungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesi, kisha bomba jembamba la chuma nje. Unga huo hupitisha joto lakini huzuia umeme. Gamba la chokaa likishaganda nje, joto halipati njia ya kutokea, waya unazidi kuwaka moto, na mwisho wake hukatika au ngozi ya chuma hupasuka. Chumvi nayo haili chuma chote sawasawa. Huchimba vitundu vidogo, hasa chini ya gamba ambako jicho halifiki. Maji yakishaingia kwenye ule unga, stima inavuja na swichi ya kinga, ile inayozima umeme unapovuja, inakata.

Sasa, utengeneze au ununue mpya? Kabla ya kuijibu hiyo, hakikisha hita ndiyo mgonjwa. Majakuzi mengi yana kifaa kinachopima mwendo wa maji. Chujio likiziba, hita haiwaki hata ikiwa nzima. Toa chujio, washa bila chujio kwa dakika chache. Hita ikiwaka, tatizo lako ni uchafu wa chujio. Angalia pia nguvu ya stima. Hita ya kilowati 3 iliyotengenezwa kwa volti 240, ukiipa volti 200 nyakati za jioni watu wote wanapopika na kuwasha feni, inatoa kilowati 2 na kidogo tu. Mwenye nyumba analalamika kwamba imezeeka, kumbe haina kosa lolote.

Chujio likiwa safi na stima ikiwa sawa, zima breka kuu, mwachie fundi wa stima afungue na kupima kwa mita. Koili ya kilowati 3 kwa volti 240 inapaswa kusoma karibu omu 19 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme). Isiposoma chochote, waya umekatika, na waya huo hauungwi. Koili ni ya kutupa. Kati ya ncha ya waya na ngozi ya chuma, umeme usipite kabisa. Ukipita, inavuja.

Hapa nina tahadhari moja. Nyumba nyingi za wageni hufungwa msimu wa mvua, Aprili mpaka Juni. Hita ikikaa miezi bila kuwashwa, unyevu hupenya kwenye unga kupitia vizibo vya ncha, na siku ya kwanza ya kuwasha swichi inakata. Fundi mwenye haraka atakuuzia mpya. Mwenye subira ataitoa, ataikausha kwa joto la taratibu, kisha aipime tena kwa kifaa cha volti 500 kinachoonesha kama umeme bado unavuja. Mara nyingine inarudi kuwa nzima. Anayekushauri uiruke swichi ya kinga ili wageni waoge leo, mwoneshe mlango. Swichi hiyo hukata kwa miliampea 30 kwa sababu anayekaa ndani ya maji ni mtu.

Koili ikiwa imekufa lakini lile bomba kubwa ambalo koili hukaa ndani yake ni safi na nyuzi zake za kufungia hazijalika, badilisha koili na gasketi zake (mipira ya kuzibia maji), basi. Bomba likiwa na vitundu vya kutu, au plastiki ya ncha imeyeyuka, chukua hita kamili. Koili mpya ndani ya bomba bovu itavuja kabla ya mwaka kwisha. Bei ya koili na ufundi ikipita nusu ya bei ya hita kamili, mimi nisingehangaika kutengeneza.

Usinunue mpya kwa kuambiwa itapunguza tokeni. Hita hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, iwe mpya au kuukuu. Kupasha lita 1,500 kutoka nyuzi 27 hadi 38 kunataka uniti 19 hivi, yaani zaidi ya saa sita kwa kilowati 3, na hita ya dukani haiwezi kuibadilisha hesabu hiyo. Kinachopunguza tokeni ni kifuniko kizito, maana joto jingi la jakuzi hutorokea juu kwa mvuke.

Ukilazimika kununua na maji yako ni ya kisima chenye chumvi, uliza koili ya titani. Ni ghali, lakini chumvi haiiwezi. Chuma cha pua cha kawaida kitakurudisha dukani. Gamba la chokaa liondoe mapema kwa kuloweka koili kwenye siki au asidi ya ndimu, usilikwangue kwa kisu, na usithubutu ile asidi kali ya kusafishia vyoo, kwa kuwa inakula chuma cha pua kuliko hata chumvi.

Kwa ndugu zetu wa Lamu hesabu inabadilika kidogo. Kipuri hutoka Mombasa au Nairobi, kinashushwa Mokowe, kinavuka kwa boti, na kikifika si saizi yake kinarudi njia ileile. Huko koili moja ya akiba na gasketi mbili kabatini si anasa. Kabla ya kupiga simu, pima urefu na upana wa bomba, soma kilowati na volti kwenye kibandiko, na upige picha ya ncha zote mbili. Vifaa vilivyokuja kutoka Italia mara nyingi vimeandikwa volti 230. Kwenye 240 hufanya kazi kwa karibu asilimia 9 zaidi, kwa hiyo mwambie muuzaji na hilo.