Je, pamba iliyotajwa kwenye lebo ndiyo iliyomo shatini?

Si lazima. Shati lililotundikwa dukani Malindi, au kwenye duka la Usita wa Mui kule Lamu, laweza kuwa na nembo ya Better Cotton, mpango wa kimataifa wa kuboresha ukulima wa pamba, na lisiwe na hata unyuzi mmoja wa pamba iliyolimwa chini ya mpango huo. Na muuzaji awe hajamdanganya mtu.

Wengi huisoma nembo hiyo kana kwamba inaeleza kitambaa: pamba fulani, ya mashamba fulani, imefuatiliwa mkono kwa mkono hadi kwa fundi wa mwisho. Wengine huongeza kwamba ni pamba isiyopuliziwa dawa. Yote mawili si kweli. Better Cotton ulianza kujadiliwa mwaka 2005, kwa msukumo wa shirika la uhifadhi wa mazingira la WWF na kampuni za nguo. Humfundisha mkulima kupunguza dawa na maji, kutunza udongo, na kutowatumikisha watoto. Haumkatazi mbolea ya viwandani, wala haumkatazi mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Kwa hiyo si pamba ya kilimo hai, na mpango wenyewe haujawahi kudai kuwa ni hiyo. Nembo iliyozoeleka madukani kwa miaka mingi ilisema tu kwamba kampuni inaunga mkono ukulima wa namna hii. Ni sisi wasomaji tuliolijazia sharti la pamba kuwemo.

Kwa nini isiwemo? Anzia Mpeketoni au Hindi, ambako Lamu hulima pamba. Mkulima huvuna pamba mbegu, na takriban kilo 3 zake zikichambuliwa kinuni hutoa kilo 1 ya nyuzi. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta. Kufikia kinuni bado ni rahisi kujua gunia hili limetoka kwa nani, na popote Better Cotton unapofanya kazi hudai pamba yake itengwe kutoka shambani hadi hapo. Kinu kikishamaliza, nyuzi hufungwa marobota, na kuanzia hapo mambo hubadilika.

Msokota uzi hataki robota moja. Pamba hutofautiana urefu wa unyuzi, unene, uimara na weupe, hata kati ya mashamba yaliyopakana. Akisokota robota hili leo na lile kesho, uzi utabadilika na kitambaa kitashika rangi kwa mabaka. Kwa hiyo hupanga marobota mengi kwa safu, ya India, ya Brazil, ya Afrika Magharibi, na mashine hupita juu yake ikinyofoa kidogo kidogo kutoka kwa kila moja. Uzi mzuri huzaliwa kwenye mchanganyiko huo. Anayetaka pamba moja peke yake lazima asimamishe mashine, azisafishe, atenge ghala, na gharama hiyo mtu ataibeba.

Better Cotton ukachagua njia nyingine, inayoitwa urari wa uzito. Ifikirie kama M-Pesa. Unampa wakala wa Malindi shilingi 1,000, na dada yako aliye Lamu anakwenda kwa wakala wa huko kuchukua 1,000. Noti ulizotoa hazikupanda basi wala boti; zimebaki Malindi, na pengine jioni ile ile zimenunua samaki. Noti anazopewa dada yako ziliwekwa na mtu mwingine kabisa. Hata hivyo hakuna aliyeibiwa, kwa sababu kilichosafiri ni haki ya kudai, na mfumo unakataa kutoa zaidi ya kilichowekwa. Pamba nayo ni hivyo hivyo. Kilo zilizopita kinuni chini ya mpango huandikwa kwenye mfumo, na idadi hiyo huhamishwa kutoka kwa mfanyabiashara kwenda kwa msokotaji, kwa mfumaji, kwa mshonaji, hadi kwa kampuni yenye shati. Pamba yenyewe inaweza kuishia kwenye shuka la mtu asiyejua lolote, ilhali shati lenye nembo limesokotwa kwa marobota mengine.

Kama lengo ni dawa kidogo zaidi shambani, hesabu hii inatosha: mto ulionusurika na sumu hunusurika vile vile, nyuzi zikienda popote. Na kwa kuwa kiwanda hakilazimiki kutenga chochote, wakulima wengi wameweza kuingia. Lakini mfano wa M-Pesa una ukingo wake. Noti zote za 1,000 zina thamani moja. Pamba hazifanani kwa aliyezichuma na jinsi alivyochumishwa. Hilo lilijitokeza wazi kwa pamba ya Xinjiang, China. Better Cotton ulisimamisha shughuli zake huko mwaka 2020 kutokana na taarifa za kazi za kulazimishwa, na sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Juni 2022 huzuia bidhaa zenye pamba ya jimbo hilo. Afisa wa forodha anauliza unyuzi ulitoka wapi, na urari wa uzito hauna jibu. Ndiyo maana mwaka 2023 mpango ulifungua njia ya pili, ya kufuatilia pamba yenyewe.

Anayetaka kitambaa chenyewe kiwe cha kilimo hai atafute kipimo kingine, GOTS. Hapo pamba hutengwa kila hatua, na shehena husafiri na cheti cha muamala. Daraja la juu hudai angalau asilimia 95 ya nyuzi ziwe za kilimo hai; daraja la pili asilimia 70. Mbegu ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba, ambayo Kenya iliruhusu ilimwe kibiashara kuanzia Desemba 2019, haikubaliki kabisa. Lakini hata hapa karatasi ndiyo shahidi mkuu: mwaka 2020 GOTS yenyewe ilitangaza kugundua takriban tani 20,000 za pamba ya India zilizopitishwa kwa vyeti bandia. Maabara inaweza kutambua vinasaba vya Bt kwenye pamba ghafi, lakini kadiri kitambaa kinavyochemshwa na kutiwa rangi, dalili hizo hufifia.

Nembo ya OEKO-TEX Standard 100, inayoonekana sana kwenye nguo za watoto, hupima kemikali hatari zilizobaki kwenye nguo. Haisemi lolote kuhusu mkulima wala mshonaji. Na cheti cha kiwanda nacho kisichukuliwe kuwa dhamana ya uhai: kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, Pakistan, kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, cha haki na usalama wa wafanyakazi, wiki chache tu kabla ya moto wa Septemba 11, 2012 ulioua zaidi ya watu 250.

Ukishika nguo yenye nembo ya GOTS, geuza lebo. Nembo halali huambatana na daraja la nguo, jina la shirika lililokagua na namba ya leseni, na namba hiyo hutafutwa bila malipo kwenye hifadhidata ya GOTS mtandaoni. Isipokuwepo, muulize muuzaji kabla ya kulipa bei ya juu.