Rula ya sangara imetoka wapi?

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, swali nililolizoea ni moja: "Afisa, hii sheria ya rula mmeitoa wapi?" Anayeuliza anamtazama sangara wake niliyemlaza kwenye ubao wa kupimia. Pua imegusa mwanzo wa ubao, mkia umeishia sentimita 47. Kanuni inataka asipungue 50.

Anastahili jibu kamili.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Sangara mchanga tukimwacha sisi, wenzetu wakamvua, tumepoteza wote. Ndiyo maana tarehe 30 Juni 1994 nchi hizi tatu zilitia saini, mjini Kisumu, mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO. Makao yake yako Jinja, Uganda.

Wengi wanadhani Jinja ndiko zinakotoka amri. Sivyo. Jinja hawana askari wala mahakama ya kumshtaki mvuvi. Kazi yao ni kuzikutanisha serikali. Watafiti wa nchi zote tatu, kwetu TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), huzunguka ziwa wakipima wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti na kwa utaratibu mmoja, ili pasiwe na nchi ya kukataa hesabu ya mwenzake. Kisha wataalamu hujadili, wakurugenzi wa uvuvi na makatibu wakuu hupitia, na mawaziri huamua.

Waziri akirudi nyumbani, makubaliano hayo bado hayamfungi mvuvi. Lazima yaingizwe kwenye kanuni zetu, chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ukikamatwa Ukerewe, hati ya mashtaka inataja kanuni ya Tanzania. Na hapa ndipo panapovuja: nchi moja ikilegea, mvuvi anayetii ng'ambo ya pili anajiona mjinga. Lalamiko hilo nalisikia kila wiki, na kwa maoni yangu ni la haki.

Kwa samaki tunaowauza Ulaya nako ni vivyo hivyo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya uvuvi wa sumu, viwanda vya minofu Mwanza viliumia vibaya. Lakini Ulaya haiweki mtu wake kwenye kila kiwanda. Inaitambua mamlaka ya serikali yetu, na mkaguzi wa Kitanzania ndiye anayesaini cheti cha afya cha mzigo, sampuli zikipimwa maabara ya Nyegezi. Wakaguzi wa Ulaya wakija, wanaokaguliwa kwanza ni sisi wakaguzi.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye sangara wa 47, usibishane na rula. Nenda kwenye mkutano wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wako, toa hoja, hakikisha katibu ameiandika kwenye muhtasari, kisha ufuatilie kwa afisa uvuvi wa wilaya hadi akuonyeshe barua aliyoipeleka juu.