Emisiviti moja kwenye fomula mbili: kosa la kipimo cha Lugano

Ninapofundisha mafundi wapya kutumia kamera ya joto, huanza na sufuria. Nachemsha maji kwenye sufuria ya alumini iliyosuguliwa ikang'aa, kisha nabandika ubavuni kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 za Selsiasi. Kamera ikielekezwa kwenye tepu, inasoma karibu 90. Ikisogezwa kidogo tu hadi kwenye alumini tupu, inasoma thelathini na kitu. Sufuria ni ileile na maji ni yaleyale. Kila mara kuna mtu anayenyoosha mkono kugusa ile sehemu inayoonekana baridi, na lazima nimzuie haraka.

Kamera ya joto haipimi joto. Inapima miale ya infraredi inayoifikia, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, kisha inakokotoa joto kwa kutumia namba tuliyoiwekea sisi, yaani emisiviti: uwezo wa uso kutoa miale ukilinganishwa na uso mweusi kamili, kuanzia 0 hadi 1. Ukiweka namba ndogo kuliko ile ya kweli, kamera hudhani kitu kina joto kubwa kuliko lililopo.

Nikishamaliza na sufuria, huwasimulia habari ya Lugano, Uswisi. Mwaka 2014 kundi la watafiti kutoka Italia na Sweden lilikipima kwa siku 32 kifaa cha mvumbuzi Mwitalia Andrea Rossi kiitwacho E-Cat, kilichodaiwa kutoa nishati kutokana na nikeli na hidrojeni. Kilikuwa bomba la alumina, yaani kauri ya oksidi ya alumini, lenye urefu wa sentimita 20 na kipenyo cha sentimita 2. Umeme ulioingia ulikuwa kama wati 800 hadi 900 na kitu. Ripoti ilisema uso wa bomba ulifika nyuzi 1,260, baadaye 1,400, na kwamba joto lililotoka lilikuwa mara 3.2 hadi 3.6 ya umeme ulioingia. Joto hilo la uso lilisomwa kwa kamera.

Sasa tazama alumina ilivyo. Kwenye mawimbi mafupi, ya mikromita chache (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), hutoa miale kidogo. Kwenye mikromita 10 hivi, inakaribia uso mweusi kamili. Kitu kinapozidi kupata moto, sehemu kubwa ya miale yake huhamia kwenye mawimbi mafupi. Kwenye nyuzi 1,400 kilele cha miale hiyo kiko karibu na mikromita 1.7. Kwa hiyo emisiviti ya jumla ya alumina, ile inayojumlisha mawimbi yote, hushuka hadi karibu 0.4. Namba hiyo ni sahihi, na iko kwenye vitabu. Lakini kamera iliyotumika Lugano ilikuwa inaona mikromita 7.5 hadi 13 tu, na ndani ya dirisha hilo emisiviti inabaki 0.9 au zaidi. Watafiti waliiwekea kamera ile ya jumla.

Fanya hesabu mwenyewe kwenye mikromita 10. Bomba lenye nyuzi 780 na emisiviti 0.9, ukiiambia kamera ni 0.4, litasomeka karibu 1,450. Kosa la nyuzi mia sita na zaidi, na kamera yenyewe ni nzima kabisa!

Halafu kosa likakuzwa. Nguvu inayotoka kwa mnururisho, yaani kwa miale, hukua kwa kipeo cha nne cha joto la kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273). Kutoka kelvini 1,053 hadi 1,673, kipeo hicho kinaongezeka zaidi ya mara sita. Hapa ndipo emisiviti ya jumla ilipokuwa na kazi yake halali, kwenye kukokotoa nguvu, nayo inapunguza ongezeko hilo kwa kiasi. Kinachobaki bado kinatosha kumeza mara 3.6 yote. Namba moja ilitumika mahali pawili. Mahali pamoja ilistahili, mahali pengine haikustahili, na majedwali ya ripoti hayakumwonyesha msomaji tofauti hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni jaribio la bomba tupu, lisilo na ile nikeli iliyodaiwa kutoa nishati. Walilifanya, na ni jambo jema sana. Lakini waliishia chini ya wati 500, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, ambako pengo kati ya emisiviti hizo mbili bado ni dogo. Mtego ulikuwa juu zaidi, nao hawakufika huko. Baadaye watu wa Mradi wa Kumbukumbu ya Martin Fleischmann, kundi linalojaribu madai ya namna hii, walitengeneza bomba la mfano huo, wakalitia moto kwa umeme peke yake na kulinganisha kamera na themokapo, yaani nyaya za kupimia joto kwa kugusa. Vipimo vilikubaliana pale emisiviti ya kamera ilipowekwa juu ya 0.9.

Mtu akiniletea leo kifaa cha namna hiyo, nitamwomba vitu viwili kabla ya kuwasha kamera: themokapo iliyofungwa imara kwenye uso wenyewe, na bomba tupu lililopandishwa hadi wati zilezile 900. Kama bomba tupu nalo "linatoa" mara tatu ya umeme linalopewa, tutajua siku hiyohiyo, wala hatutahitaji kukaa siku 32.