Je, wajua kuna somo la chuo kikuu lililoanzia kwenye mgomo wa watoto wa sekondari?

Vyuo kibao vya California leo vina idara nzima ya masomo ya Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico, na wana maprofesa wao, digrii zao, mpaka PhD. Ilianzaje? Hakuna mkubwa wa chuo aliyekaa ofisini akaibuni, ni wanafunzi ndo waliilazimisha.

Turudi Machi 1968, mashariki mwa Los Angeles. Shule kama Garfield, Roosevelt na Lincoln zilijaa watoto wa Kimexico, ila ukiongea Kihispania unaadhibiwa, madarasa yamefurika, mtoto ana akili zake lakini anasukumwa akajifunze ufundi badala ya kwenda chuo, na wengi walikuwa wanaacha shule kabla hawajamaliza. Halafu kwenye vitabu vya historia babu zao hawamo, wakati eneo lenyewe hilo lilikuwa Mexico mpaka mkataba wa 1848 uliomaliza vita vya Marekani na Mexico! Basi wakatoka. Maelfu waliacha madarasa wakajaa barabarani, mwalimu wao Sal Castro akiwa upande wao, wakidai walimu wa Kimexico na historia yao ifundishwe. Watu 13 wakashtakiwa kwa kula njama, Castro akiwemo, kesi ambayo baadaye ilitupwa.

Mwaka huohuo chuo kikuu cha Cal State Los Angeles wakaanzisha programu ya kwanza ya aina hii nchini. Aprili 1969 wanafunzi na walimu wakakutana chuo cha Santa Barbara, matokeo yake ni mpango ulioitwa Plan de Santa Bárbara, kurasa 155, humo wameeleza idara iendeshweje, kozi zipi zifundishwe, vijana wa Kimexico waingizwe vipi chuoni na wasaidiweje wasiishie njiani. Mimi hapa ndo nawapa heko zaidi, maana kugoma wengi wanaweza, lakini kukaa chini ukaandika mtaala ni kazi nyingine kabisa. Mwaka huo pia mwanahistoria Rodolfo Acuña akaanza kujenga idara kule San Fernando Valley, ambako sasa ni Cal State Northridge, na 1972 kikazaliwa chama cha kitaifa cha wasomi wa fani hii.

Ndani kwao nako kulikuwa na ugomvi. Wanawake walichoka kuona historia inayosimuliwa ni ya wanaume tu, wakabishana miaka na miaka, mpaka 1995 chama kikabadili jina ili Wachicana, yaani wanawake wa Kichicano, nao watajwe.

UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, ndo iliuma zaidi. Mwaka 1993 uongozi ulikataa kuwapa idara, tena wakati Cesar Chavez, mtetezi wa vibarua wa mashambani, ndo kwanza amefariki. Wanafunzi pamoja na profesa mmoja wakagoma kula siku 14, wanakunywa maji tu. Wakapewa kituo chenye jina la Chavez, idara kamili ikaja 2005.

Na msidhani yaliisha hapo, kule jimbo la Arizona ilipitishwa sheria 2010 iliyofanya shule za mji wa Tucson zifute masomo haya 2012, vitabu vikatolewa madarasani, watu wakaenda mahakamani, na Agosti 2017 jaji Wallace Tashima akaamua kwamba sheria ile ilisukumwa na ubaguzi wa rangi na ilivunja katiba.