Jua la Bustani ya Monet Halikuchorwa kwa Haraka

Utasikia kwamba Waimpreshonisti, kundi la wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, walikuwa watu wa haraka: unatoka na rangi zako asubuhi, unachora ulichokiona, jioni umemaliza. Anayeamini hivyo na autazame mchoro wa Claude Monet uitwao Wanawake Bustanini. Aliuanza mwaka 1866 huko Ville-d'Avray, karibu na Paris, akiwa na miaka 25. Turubai lenyewe lina urefu wa zaidi ya mita 2 na nusu. Alichimba handaki bustanini, akafunga kapi, na kila alipotaka kuchora sehemu ya juu alilishusha turubai shimoni, ili jicho lake libaki palepale. Hata hivyo bustani haikumtosha, maana alikuja kuumalizia ndani, huko Honfleur, mji wa pwani ya Ufaransa. Kwa hiyo na ile kauli kwamba walichora nje tu ina walakini.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba kivuli ni cheusi. Mtazame mwanamke aliyeketi chini, gauni lake jeupe limetanda pande zote. Kivuli cha mti kinakatiza njia na kumpandia kwenye gauni, na hapo kitambaa kimegeuka buluu yenye zambarau kidogo. Monet hakubuni rangi hiyo. Jua likizibwa, mwanga wa anga bado unafika, na anga ni buluu. Anika shuka jeupe saa tano asubuhi, halafu uangalie mikunjo yake vizuri. Utaiona.

Wapo wanaosema alichora hivyo kwa sababu macho yalikuwa mabovu. Hapana. Mtoto wa jicho alimpata uzeeni, akafanyiwa upasuaji mwaka 1923.

Na wala mchoro huu haukupendwa tangu mwanzo. Majaji wa Saluni ya Paris, yaani maonyesho rasmi ya sanaa, waliukataa mwaka 1867. Aliyemwokoa ni rafiki yake Frédéric Bazille, mchoraji mwenzake, aliyeununua kwa faranga 2,500, akilipa 50 kila mwezi. Mwaka 1921 serikali ya Ufaransa iliununua kwa 200,000, na sasa uko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris. Bazille hakuyaona hayo. Aliuawa vitani Novemba 1870, akiwa na miaka 28, miaka minne kabla ya maonyesho yaliyowapa wenzake jina la Waimpreshonisti.